Futi Nne

Futi nne kwenda chini, alisema Bwana Kowalchuk wa manispaa,
akigonga kalamu kwenye kibali.
Ukichimba kwa kubania, jalidi ya Winnipeg itaing'oa nguzo yako
polepole, kama ulimi wa mtoto na jino linalotikisika.

Nikachimba. Mwezi wa sita, mbu wa kufa mtu,
viganja vimetoka malengelenge, na mimi
nimezoea sindano za wodini, si sururu.
Mwanakombo alishika uzi upande wa pili
akiuliza kila dakika: hapa? hapa?

Ubao wa kumi na saba niliukata mfupi.
Nusu inchi tu,
lakini nusu inchi inapitisha kidole cha mtoto,
na msumeno haujui kuomba radhi.
Nikaketi juu ya ndoo ya skrubu
nikacheka hadi jirani akachungulia.

Jioni, pimamaji:
kipovu ndani ya kioo kikatangatanga,
kikakataa, kikakataa,
kikatulia.

Jumatatu Kowalchuk akarudi na tochi.
Akapiga magoti, akakagua boriti, akahesabu bolti,
akarukaruka kidogo, mtu mzima yule.
Kisha akaziona ndara zetu ukingoni;
bila kuambiwa akaketi, akafungua kamba za buti.
Chai ilikuwa na iliki. Alikunywa viwili.

Kwenye fomu aliandika: sakafu ya mbao, imepita.
Mwanakombo akasoma begani kwake, akamsahihisha:
baraza.
Akaishika kalamu hewani,
akauliza inaandikwaje.