Mita Mia Mbili

Amri niliichapa mimi, wino wa mashine ukielekea kwisha,
jina lake likatoka nusu:
Luhende asisogee ndani ya mita mia mbili
na vichanja vya Nyanzobe, mwalo wa Igombe.

Alisaini. Akauliza mita zinapimwa kwa kamba au kwa macho.
Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

Nyanzobe aliitia karatasi kwenye nailoni,
akaishonea ndani ya pindo la kitenge,
hirizi yenye mhuri wa serikali.
Kisha akahesabu, toka dagaa wake
hadi kibanda cha barafu: hatua mia tatu na kumi.
Hatua zake ni fupi.

Jumanne mtu akaja. Hakuja na fimbo.
Alikuja na sato mnene, bado anatweta,
kachomekwa ukindu mashavuni.
"Nimeleta mboga tu, Mama Limi."
Majirani: mwanamume kajirudi huyo, mpokee!
Yeye akakitazama kibanda cha barafu,
kilivyobaki mbali, nyuma ya mgongo wa mgeni,
akapiga simu kituoni.

"Nafungwa kwa ajili ya samaki?" alifoka kizimbani.
"Samaki hana kesi," Hakimu akasema. "Miguu ndiyo yenye kesi."
Miezi sita.

Nikaandika. Safari hii wino ulijaa,
jina likatoka zima.

Ukumbini Nyanzobe alinisubiri, nailoni mkononi.
"Karani, mwezi wa saba
mita zangu zitakuwa bado zipo?"

Nilifungua jalada, nikalifunga.
Kifungu cha kumjibu sikukiona.