Msasa Namba Themanini

Ibra, saa kumi na moja alfajiri,
kabla jua halijakausha brashi mkononi,
naparuza mlango wa kabati la shangazi Thureya
uwe uso wa meza ya kahawa.

Kijani kinabanduka. Chini yake, rangi ya maziwa.
Chini ya maziwa, mti wenyewe,
mwekundu kama ufizi.
Nafuta vumbi kwa kitambaa kilichorowa,
naziba matundu ya bawaba,

na pembeni msasa unasita:
*Futi tatu kasoro inchi. Usikate tena.*
Kalamu ya risasi. Mwandiko wa baba,
Kiswahili chake cha kununa.

Mkono wa kwanza, mwepesi. Nasubiri.
Wa pili, buluu.

Pale pembeni nimebandika utepe.
Wageni watauliza mbona sikumaliza.
Nitawamiminia kahawa.