Kiingilio Mia Tano

Kazi yangu ni kusema juu ya midomo ya wengine.
Miaka kumi na mmoja, kibandani Kibirizi,
maikrofoni imefungwa kwa mpira wa baiskeli:
Wachina wakirushiana ngumi nawapa Kiswahili,
Wakorea wakilia nawalilia,
na jambazi akifa nampa neno la mwisho
ambalo hakuwahi kulisema.

Jumanne akaja Nzobona, wa yule mama wa mawese,
flashi imefundikwa kwenye pindo la kitenge kama hela ya rambirambi.
"Filamu saba," akasema. "Ndefu kuliko zote ina dakika nne."
Nani anapigwa?
"Hapigwi mtu."
Nani anaoa?
Akacheka, akakaa benchi la mbele.

Ya kwanza: ngazi za saruji, tisa, na ziwa linazipanda.
Ngazi moja, kisha giza la kope. Ya pili. Giza.
Ya tano ina ndala moja.
Ya saba ina kuku amesimama, hajui aende wapi.
Nikashika maikrofoni, nikaiachia.

Ya pili inakwenda kinyumenyume:
migebuka inatoka kwenye mafuta ya moto, inapata macho,
inarukaruka mpaka wavuni, wavu unaifungulia,
karabai zinazimika moja moja juu ya maji
na mwenye mtumbwi anarudi kitandani na deni lake lote.

Ya tatu ni nyuso tu zilizoinamia simu.
*Ile hela tuma kwenye namba hii.*
Mwalimu mstaafu. Fundi cherehani wa Mwanga.
Binti wa saluni, kichwa nusu kimesukwa.
Wanasoma, na kwa nukta moja
(moja tu, Nzobona kaivuta mpaka inatisha)
kila mmoja anajiuliza ni hela ipi anadaiwa.
Watu wakacheka. Halafu wakaacha.

"Tafsiri basi, Sebabili!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.
Nitafsiri nini?
Nikasema: "Huyu… anasoma."
Kibanda kizima kikanizomea.

Ya nne, mita ya umeme inahesabu uniti zinavyokwisha,
sifuri nukta tisa, sifuri nukta nane,
inalia tii, tii, kama kifaranga kilichoachwa,
na papo hapo umeme ukakatika kweli.

Hakuna aliyenyanyuka.
Walidhani ni filamu.
Watu arobaini wakalitazama shuka jeusi
nalo likawatazama,
na nyuma ya mabati ziwa likawa linabisha, linabisha,
kama mgeni asiyekumbuka kuwa alishafunguliwa.

Sijui nini kilinishika. Maikrofoni imekufa, nami nikaanza kusema
bila midomo ya mtu mbele yangu:
kwamba nyumba ya baba ilikuwa hapo nje, hatua sitini kutoka benchi hili,
sasa kuhe wanalala chumbani kwake;
kwamba kaka yangu Gwimo alivuka kwenda Kalemie na chumvi ya Uvinza,
na namba yake nikiipiga anapokea mama mmoja wa Singida, mpole,
ambaye siku hizi namsalimia tu,
naye ananiuliza kama huku imenyesha.

Nikanyamaza. Mtu akameza mate.
Zilikuwa dakika nne? Labda.

Umeme uliporudi, mashine ilikuwa imesahau ilipofika.
Ikaanza upya: ngazi, ngazi ya kwanza, kavu.
Bodaboda mmoja akadai mia tano yake.
"Hii siyo picha," akasema, "hapa ni kwetu."
Nikamrudishia.
Akaipokea, akabaki mlangoni,
kichwa ndani, miguu nje.

Nzobona akaniinamia sikioni:
ile ya katikati, ile ya gizani, nimeirekodi?

Sikumjibu. Maji yalikuwa yameshafika ngazi ya tatu.