Mtele

Lali wa Kupi alisoma kama mvua:
ukurasa wa tisa wote, pasi kupepesa,
mbuzi, mtoto, ndoo, kisima,
akafika kwenye nukta kabla ya macho yake.
Nikafunika picha kwa kiganja.
Mvua ikakata.

"Soma hapa."
Akaangalia kucha zangu, hina iliyofifia,
akaangalia dirisha, punda akipita na mawe ya kujengea,
akasema, kama abahatishaye kitendawili:
"Mai?"
Darasa likaangua kicheko.
Gredi ya Pili, vichwa hamsini na vinne,
na wote nyumbani kwao hunywa mai.

Nami pia. Papa hapa Matondoni,
dawati la tatu kutoka mlangoni,
niliandika "mato" chini ya picha ya macho
nikala rula ya ukingo kwenye vifundo vya vidole.
Tangu siku ile Kiswahili changu ni cha viatu:
nakivaa lango la shule,
nakivua nikifika kwa mama.

Sikumwambia Lali amekosa.
Nilimwambia, wakitoka wenzio, wewe kaa.

Jumatatu tulisoma pakiti ya majani ya chai.
Jumanne alilia. Herufi zahama, alisema,
b hugeuka d ukipepesa tu,
kama paka wa jirani, wamwita huku yuko kule.
Jumatano sikuwa na la kumfundisha. Tulikula tende.
Ndipo nikaona vidole vyake,
mikato myembamba ya miaa.
"Wasuka?"
"Ukili. Mama hushika mwanzo, mimi huendeleza."
"Na ukiruka mwaa mmoja?"
Akanitazama kama mtu asiyejua kitu.
"Hufumuka, mwalimu. Lazima uregee."

Basi tukarejea.
Ma. Si mbuzi, si ndoo, si kisima. Ma.
Kidole juu yake, kisikimbie.
Kisha ji, imekaa kando kama mgeni,
na vinukta viwili utosini.
Ma. Ji. Pita juu, pita chini, kaza.
"Maji," akasema, akakunja uso.
"Ndiyo mai?"
Ndiyo mai.
Nyumbani mai, kitabuni maji,
kisima ni kile kile.

Sitadanganya kwamba alipaa.
Muhula ulikwisha yuko ukurasa wa kumi na mmoja,
wenzake wameshamaliza hadithi ya fisi.
Mkaguzi alikuja na fomu na saa ya kuhesabia:
maneno kumi na saba kwa dakika.
Fomu haikuwa na kisanduku cha kurejea.

Leo asubuhi nilichelewa, mwanangu ana homa,
nikaandika ubaoni mbio mbio, mgongo kwa darasa.
Wakasoma wote kwa pamoja, vizuri mno,
hamsini na watatu:
"Mama anachagua mchele."
Sauti moja ikabaki nyuma
ikitambaa, mwaa kwa mwaa,
"m... te... le."
Kimya.
"Mwalimu," akasema Lali, kidole hewani,
"hapa hapana che."

Nikageuka, nikausoma mkono wangu mwenyewe.
Sikufuta
mpaka kengele ya chakula.