Mshale Bila Kitenzi

Mwashamba, uliniuliza juzi kwenye zamu ya usiku
ninawezaje kulikumbuka figo zima na mirija yake,
mimi ninayesahau mwavuli kwenye basi kila Jumanne.
Sina siri. Nina ubao.

Haukai popote, hilo ndilo la kwanza.
Kompyuta sina; ile ya kituo ina nenosiri la meneja.
Lakini maktaba ya Dundee hunipa saa moja bure,
nafungua kivinjari, naandika jina langu,
na ubao unakuja kama ulivyolala jana,
kila kisanduku mahali pake,
mtoto aliyeachwa kwa jirani, karudishwa ameoga.

Mwanzoni niliujaza.
Rangi kumi na moja. Maelezo ya mwalimu
nimeyanakili neno kwa neno, hata nukta zake.
Kwa mbali ulikuwa mtumba uliomwagwa chini:
shati lako limo humo, lakini lipi?
Jaribio la Novemba nikapata thelathini na nane.
Agnieszka wa darasani kwetu akaja na kiti chake.
Hakusema pole. Alisema: futa.

Nikafuta.
Kisanduku kimoja, wazo moja, maneno yasizidi saba.
Nyekundu kwa kinachoingia, buluu kwa kinachotoka,
ya tatu iwe ya swali,
na swali lisione haya kukaa katikati.
Funga kitabu kwanza, chora, ndipo ufungue ujisahihishe.
Acha uwazi. Uwazi si uvivu, ni chumba cha mgeni.
Na mshale, Mwashamba, usiuache bubu.
Mshale mtupu unasema tu hivi viwili vinajuana,
na huo ni umbea.
Uandikie kitenzi: damu huingia, figo huchuja,
mirija hurudisha chumvi, kibofu hungoja.
Ukikosa kitenzi, hujaelewa bado.

Siku moja kidole kiliteleza, ubao wote ukawa mweupe.
Zimebaki dakika nne, msimamizi anazima taa za juu.
Nilitoka jasho katika Januari ya Uskoti!
Kumbe pembeni kuna alama ndogo ya saa:
ukiibonyeza, jana inarudi.
Kesho yake nikamwambia Bi Elspeth
huku namfunga vifungo vya sweta:
jana inarudi, iko pembeni, penye alama ya saa.
Akanitazama kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Ndiyo sababu nikamfungulia ubao wake,
kwenye kishikwambi cha chumba cha kulia, baada ya chai.
Hapa Walter, mumewe. Hapa ngazi za nyumba ya zamani.
Hapa kiwanda cha juti alichoingia na miaka kumi na mitano,
mitambo ikipiga kelele hata wasichana
wakasemezana kwa midomo na mikono tu.
Vitenzi huchagua mwenyewe:
alinichekesha.
Tuligoma.
Nilimzika.

Jana kauliza, wewe uko wapi humu?
Nikausogeza ubao, kulia kabisa, kule kwenye uwazi,
nikaweka kisanduku: Baba, Mwatate, mkonge.
Akanyoosha kidole kinachotetemeka,
akauburuta mshale kutoka kiwandani kwake
hadi shambani kwetu.
Ulipita weupe wote ule bila kupinda.

Kitenzi? nikamwuliza.
Akawaza. Chai ya jirani yake ikapoa.
Kisha akasugua viganja, kimoja juu ya kingine,
polepole, mara tatu,
vilevile baba alivyosokota kamba jioni mlangoni.
Akasema neno limemtoka.

Mimi ninalo, ila si kwa lugha yake,
na sikutaka kumwandikia.
Mshale nimeuacha hivyo hivyo.

Mtihani ni Alhamisi.
Njoo kesho maktabani, saa yangu inaanza saa tisa.
Njoo na kiti chako.