Kazi ni Kuchomoa

Shangazi yangu Mwanakheri alikuwa opareta
Posta ya Tanga, enzi za simu za kukoroga.
Kiti kirefu, visikilizio masikioni,
mbele yake ubao wa matundu mia na ushee
na nyuzi zenye vichwa vya shaba.
Taa ikiwaka, anachomeka: "Namba, tafadhali."
Mashamba ya katani wanaitaka bandari.
Muheza wanamtaka bwana mifugo.
Pangani kuna aliyefiwa, namba haitamkiki kwa kwikwi.
Anaunga, anasikiliza kidogo, anajitoa.
Kidogo hicho mara nyingine kilirefuka:
posa mbili za Chumbageni zilivunjika kwa sababu yake,
na mpaka leo hajutii.
"Kuunga hata mtoto ataunga," hutuambia.
"Kazi ni kuchomoa."

Uvimbe aliugusa akioga, mwezi wa Shaabani,
kokwa ya zambarau chini ya ngozi, haiumi.
Akaunyamazia Ramadhani nzima,
akapika tambi za Idi,
akatuambia Mfungo Pili, tena kwa kupitia,
kama anayetaja bei ya nazi.

Kinyama kikakatwa Bombo,
kikapanda basi ndani ya kikopo kwenda Dar,
kikakaa huko wiki tano.
Kikarudi karatasi: saratani.
Chini yake neno *kipokezi*,
na mbele ya neno, alama tatu za kujumlisha.

Daktari Shekiondo, kijana wa Lushoto,
aligeuza bahasha akachora duara.
Ukutani mwa duara akasimamisha vijiti.
"Hii ni seli, bibi. Hivi ni vipokezi, ni protini.
Ujumbe unatoka nje, kipokezi kinaudaka,
ndani protini inamgusa jirani, jirani anamgusa jirani,
mpaka kwenye kiini: *gawanyika*.
Kisha laini inakatwa.
Ndivyo kifua kilivyochipuka ulipokuwa mwari,
ndivyo maziwa yalivyoshuka.
Sasa kwako vipokezi vimezidi, vimesongamana,
vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe—"

"Taa inawaka," alisema shangazi,
"na hakuna mtu kwenye laini."

Kalamu ikasimama.

"Na wachomoaji?"
"Zipo protini za kuchomoa, bibi."
"Zimelala?"
"Zimezidiwa."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za ofisi yake ya zamani.
Masika fulani, alitusimulia njiani,
maji yaliingia kwenye kebo chini ya barabara.
Saa nane za usiku, zamu yake, peke yake,
ubao mzima ukawaka.
Mia na ushee wanaita, wala hakuna anayeita.
Ukichomeka: mvumo wa maji tu.
Alizunguka nao mpaka adhana,
akiuzima mmoja, unawaka wa pili,
vidole vikavimba.
"Sikulia," alisema. "Nilikuwa na hasira."

Nyumbani mjomba Abdalah alisema ni husuda.
Jirani akaleta kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa sahanini,
na shangazi akanywa lote, akarudisha sahani na pilipili mbili juu yake.
Mimi usiku nilifunga mlango,
nikajipapasa titi kwa vidole vitatu, mzunguko, mzunguko,
nikisikiliza ndani kama kuna mlio.

Kuna dawa inayokwenda kukaa juu ya kipokezi,
kama kiganja juu ya mdomo.
Tuliuza kiwanja cha Pongwe.
Kilitosha dozi sita.
Zinatakiwa kumi na nane.

Leo ni ya kwanza.
Nesi anatafuta mshipa, anaukosa, anaupata.
Shangazi anautazama mrija ukiingia mkononi,
kile kichwa chake kidogo,
ule mshituko mdogo.

"Ewaa," anasema. "Leo tundu ni mimi."

Nesi anacheka kwa adabu.
Amezaliwa juzi, hajui simu za kukoroga.
Tone linaning'inia, linaachia.
Shangazi amefumba macho, midomo inacheza,
nami nainama nikidhani ni dua.

"Namba, tafadhali."