Kadi ya Bwana Semkiwa

Perpetua alikuja Jumanne na baiskeli ya marehemu,
akaiegemeza kwenye ukuta wa chumba cha eksirei
papo hapo palipoandikwa usiegemeze kitu.
Mkononi bahasha, ndani ya bahasha kadi
yenye rangi ya chai iliyopoa,
imekunjwa mara nne na mtu asiyetaka isomwe.

"Wewe ndiye unayekalia kiti cha baba."
Ndiyo. Hata mguu mbovu ni ule ule.
"Basi nisomee."

Themanini na moja: mia tatu na kumi.
Themanini na mbili: mia mbili sabini na tano.
Themanini na tatu: mia nne na ishirini.
Akanyanyua kidole kwenye karatasi yangu ukutani,
ya mwaka jana, yenye muhuri:
moja nukta mbili.

Sijawahi kuona mtu akigawanya kwa macho.
"Mia nne kwa moja," alisema.
"Walimuunguza baba yangu mara mia nne."
Na sauti yake haikupanda. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikamwambia keti. Hakuketi.
Perpetua, wewe unauza vitumbua Barabara ya Kumi na Mbili,
unazikumbuka senti?
"Tulizichezea tu, kama vifuniko vya soda."
Basi baba yako aliandikiwa kwa senti,
mimi naandikiwa kwa shilingi.
Remu mia ni sieveti moja,
na mili ya huku ni mili ya kule.
Deni ni lile lile, sarafu ndiyo imebadilishwa.
Mia nne na ishirini yake, kwangu ni nne nukta mbili.
Jumlisha yote matatu: elfu moja na tano.
Irudishe nukta hatua mbili: kumi nukta sifuri tano,
kwa miaka mitatu.
Kikomo cha leo ni ishirini kwa mwaka.
Mwaka wake mbaya kuliko yote
ni mara tatu na nusu ya mwaka wangu. Si mara mia nne.

"Tatu na nusu si kitu?"
Sikusema si kitu.

"Na huku pembeni wameandika radi.
Baba alipigwa na radi?"
Nilitaka kucheka, nikayaona macho yake.
Radi hii haina ngurumo.
Inahesabu kilichoingia mwilini, basi;
haiulizi kiliuma vipi.
Siku hizi tunapima kwa grei, na grei moja humeza radi mia.
Mama yako alikata mkonge Ngomeni, anajua:
kilo ya majani ni kilo ya majani,
ila likikujia kwa ubapa utajifuta utomvu uendelee na mstari,
likikujia kwa ncha utalala na jicho limefungwa.
Remu na sieveti ndizo zinazouliza, ubapa au ncha?
Eksirei huja kwa ubapa.
Ndiyo maana safu zake mbili zinafanana.

Alinyamaza. Nje mtoto alikuwa akilia, anavuliwa shati.

"Na hapa?"

Themanini na nne, Aprili hadi Septemba: kistari.
Nilikuwa nikiomba asikione.
Sifuri ningeigeuza,
sifuri kwa mia ni sifuri, haina ugomvi na mtu.
Kistari si sifuri.
Kistari ni beji ambayo haikuletwa,
au ilisahauliwa kwenye droo,
au ilipelekwa kusomwa isirudi,
na Bwana Semkiwa akaingia kazini vile vile
foleni ya vifua ikiwa imefika kwenye ngazi.

"Kigeuze," alisema.

Nilishika kalamu. Nikaiweka.
Akaikunja kadi kwa mikunjo yake ya zamani,
hakuniaga, akaiondoa baiskeli ukutani
ikaacha alama ya mpini kwenye chokaa.

Nilipaza sauti nimwite mgonjwa anayefuata,
na ndipo nikajipapasa kifuani.
Beji ilikuwa kwenye koti.
Koti lilikuwa kwenye msumari, nyuma ya mlango,
tangu Ijumaa.